Gari kuukuu likikataa kuwaka: Mambo ya kukagua kabla ya kumwita fundi

Magari yaliyoundwa kabla ya miaka ya tisini yangali yanaonekana katika barabara za Kenya. Peugeot 504, ambayo iliwahi kuunganishwa mjini Mombasa na kuibuka mshindi wa Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978, haijasahaulika. Pamoja nayo kuna pikapu za Datsun 1200 na Volkswagen za mgongo wa kobe ambazo wenyewe wamekataa kuziuza.

Magari haya yana sifa moja iliyopotea katika magari ya kisasa. Hitilafu yake hutafutwa kwa macho, masikio na pua, wala haihitaji kompyuta. Hata hivyo, mwenye gari asiyejua pa kuanzia hununua betri mpya kumbe lililohitajika ni brashi tu. Na gari linaposusa usiku huku mgonjwa akingoja kupelekwa hospitalini, hasara huwa kubwa kuliko ya fedha.

Injini ya petroli huhitaji mambo manne ili iwake. Sharti izungushwe na stata, ipate cheche kwa wakati ufaao, ipate petroli iliyochanganyika na hewa, na iweze kugandamiza mchanganyiko huo ndani ya silinda. Kazi ya mwenye gari ni kubainisha ni lipi kati ya hayo manne lililokosekana.

Kabla ya kugusa chochote, vuta breki ya mkono, weka gia huru na uzuie magurudumu kwa mawe. Vua tai, leso au kanga inayoning'inia, kwani feni inaweza kuinasa. Sigara na moto visikaribie. Betri hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka, na mvuke wa petroli ni hatari vilevile.

INJINI HAIZUNGUKI

Washa taa kubwa za mbele, kisha umwombe mwenzako azungushe ufunguo huku ukizitazama. Taa zikififia sana na stata ikitoa mlio wa ta-ta-ta, betri haina nguvu au umeme unazuiwa njiani. Taa zikibaki na mwangaza wake na pasisikike lolote, shuku swichi ya ufunguo, solenoidi au waya mwembamba unaoelekea kwenye stata. Ukisikia mlio mmoja mzito na injini isizunguke, huenda stata imekwama. Kuigonga polepole kwa mpini wa nyundo huweza kuiokoa safari hiyo, lakini hayo si matengenezo.

Vichwa vya betri vikaguliwe kwanza. Ule unga mweupe au wa kijani hukatiza umeme hata kama betri ni mpya. Fungua upande unaounganishwa na mwili wa gari kwanza, safisha kwa maji ya moto na brashi ya waya, kausha, kisha uurudishe upande huo mwisho. Katika magari mengi huo ni upande hasi, ingawa baadhi ya magari ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya sitini yalitumia upande chanya. Fuata waya huo hadi mwisho wake, kwani mara nyingi kutu hujificha pale unapofungwa kwenye chuma.

Ukiwa na mita, betri iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6 gari likiwa limetulia. Ikionyesha volti 12 au chini ya hapo, imeishiwa. Injini ikishawaka, kipimo kinafaa kuwa kati ya volti 13.8 na 14.4. Kisipopanda, kosa liko kwenye jenereta au mkanda wake, na kununua betri nyingine hakutasaidia.

Gari la gia za mkono laweza kusukumwa. Washa ufunguo, tia gia ya pili, kanyaga klachi, na gari likishika kasi uachilie klachi ghafla. Hakikisha njia iliyo mbele ni wazi, na wasukumaji wasisimame kwenye upande wa magari yanayopita.

INJINI INAZUNGUKA LAKINI HAIWAKI

Hapa usiendelee kumaliza betri. Stata isitumike zaidi ya sekunde 10 mfululizo, nayo ipumzike nusu dakika kabla ya kujaribu tena.

Tafuta cheche. Ng'oa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, uiegemeze kwenye chuma cha injini mbali na kabureta, kisha injini izungushwe. Shika waya kwa koleo yenye mpini wa mpira, maana umeme wake hufika maelfu ya volti. Cheche ya samawati inayolia ni njema. Cheche ya manjano ni hafifu. Pasipokuwa na cheche kabisa, fungua kifuniko cha distributa. Asubuhi za ukungu Limuru au Molo, na baada ya mvua Pwani, unyevu hujikusanya humo. Kuupangusa kwa kitambaa kikavu huenda kukatosha.

Chunguza pia kama kifuniko kina ufa na kama pointi zimeungua. Katika magari mengi ya aina hii, nafasi ya pointi zinapokuwa wazi ni kati ya milimita 0.4 na 0.5. Tazama rota injini inapozungushwa. Ikiwa haizunguki, katika magari mengi huenda mnyororo au mkanda wa taimingi umekatika. Acha hapo hapo, usizungushe tena.

Cheche ikiwepo, geukia petroli. Usiamini geji ya gari la miaka 40. Fungua kifuniko cha chujio la hewa, tazama ndani ya kabureta injini ikiwa imezimwa, kisha uvute waya wa akselereta. Petroli ikirushwa ndani, imefika. Isiporushwa, chunguza chujio la petroli, mipira iliyopasuka na pampu.

Harufu kali ya petroli na plagi zilizolowa ni dalili kwamba injini imefurika. Rudisha choki ndani, ngoja dakika 10 hivi, kisha kanyaga akselereta hadi chini bila kuipampu na uzungushe ufunguo.

Gari likizima baada ya kupanda mlima mkali, kama ule wa kutoka Mai Mahiu, na likatae kuwaka lingali moto, huenda petroli imegeuka mvuke ndani ya mfereji. Fungua boneti, funika pampu na mfereji kwa kitambaa chenye maji, ungoje nusu saa.

Mambo mawili yakatazwe kabisa. La kwanza ni kumimina petroli kwenye mdomo wa kabureta huku mwingine akizungusha ufunguo. Injini ikirudisha moto, anayemimina huungua uso na mikono. La pili ni kufyonza petroli kwa mdomo, kwani ikiingia mapafuni yaweza kuua.

MGANDAMIZO UKIPUNGUA

Ikiwa cheche na petroli zipo na gari bado hususa, fundi apime mgandamizo wa silinda. Petroli yenye risasi, ambayo ililinda viti vya vali katika injini nyingi za zamani, iliondolewa katika soko la Kenya kufikia mwanzo wa mwaka wa 2006. Injini ambayo viti vyake havikubadilishwa huweza kupoteza nguvu polepole. Dalili ya mvua ni mawingu: gari linalohitaji kuzungushwa muda mrefu zaidi kila mwezi lina ugonjwa unaokua.

Mwenye gari akishapitia hatua hizi, amweleze fundi alichokiona: taa zilififia au la, cheche ilikuwa ya rangi gani, petroli ilifika au haikufika. Fundi mwaminifu atashukuru kwa kupunguziwa kazi. Yule mwingine atajua kwamba hatamuuzia mteja huyo betri asiyoihitaji.