PETE YA UCHUMBA NA ALMASI YA MWADUI: SOMA KABLA HUJAINGIA KWA SONARA

SEHEMU YA 1: SWALI LENYEWE

Mfululizo wa leo ni mrefu, kwa hiyo chukua kikombe cha kahawa yetu ya Karagwe, kaa vizuri, twende taratibu.

Kila kahawa ikianza kuuzwa na pesa ikianza kuonekana Kayanga na Omurushaka, napata ujumbe wa aina moja kutoka kwa vijana. "Dada nesi, pete ya almasi kwa sonara wa hapa itakuwa shilingi ngapi?" Safari hii mmoja kaongeza kwamba mchumba wake kasema hawezi kuvishwa pete isiyo na jiwe, marafiki zake watamcheka. Kijana anafikiria mkopo wa simu. Mahari bado hajamaliza, mshenga ameshaenda kwa wakwe mara mbili, na sasa kila kitu kimesimama kwa sababu ya kijiwe kidogo kuliko punje ya mchele.

Mnanijua, kazi yangu ni wodini, ila historia ndo ugonjwa wangu. Na hiki kijiwe kina historia ambayo inapita jirani kabisa na kwetu, pale Shinyanga. Ukiijua, utaingia kwa sonara ukiwa na akili nyingine.

SEHEMU YA 2: ZAMANI UCHUMBA ULIFUNGWA NA NINI?

Tuanze nyumbani. Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Speke na mwenzake James Grant walifika Karagwe, wakapokelewa na mfalme Rumanyika, yule ambaye ikulu yake ilikuwa Bweranyange. Ukienda kuuliza vitu vya thamani vya ufalme wa Karagwe vilikuwa vipi, utatajiwa ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu, nyundo za chuma, mikuki. Chuma! Mfalme mzima, na hazina yake ni kazi ya mhunzi. Wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa na kituo chao Kafuro, hapa hapa Karagwe, walileta shanga na nyaya za shaba, wakaondoka na pembe za ndovu.

Kwenye ndoa ni hivyo hivyo. Sehemu nyingi za nchi hizi za maziwa makuu jembe la chuma lilikuwa mahari. Wahunzi wa Uzinza, hawa jirani zetu wa upande wa Geita, walifua majembe yakanunuliwa mpaka Usukuma na Unyamwezi, na watu wakaoa kwa majembe hayo. Fikiria maana yake: unampelekea mkwe kitu ambacho kesho asubuhi kinaingia shambani. Ng'ombe anazaa, jembe linalima, pombe inanywewa na ukoo mzima ili kila mtu awe shahidi.

Pete ilikuja kwetu kwa njia nyingine. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892, na kadiri makanisa yalivyoenea, pete ya ndoa ikaenea nayo. Lakini angalia vizuri: kanisani kinachobarikiwa ni pete. Duara tu la madini. Jiwe halina sala yake. Kwa ndugu zetu Waislamu, nguzo ni mahari na mashahidi. Ndoa inafungwa hata kama hakuna pete kabisa.

Sasa jiwe liliingilia wapi?

SEHEMU YA 3: MWAKA 1947, MAMBO MAWILI KWA PAMOJA

Huko Ulaya, almasi kwenye pete ya uchumba ilikuwepo kwa wakubwa. Mfano unaotajwa sana ni wa mwaka 1477, Maximilian wa Austria alipomvisha Mary wa Burgundy. Lakini hao ni wafalme. Almasi zilitoka India, baadaye Brazil, na zilikuwa chache kweli. Mtu wa kawaida hakuota kuwa nayo.

Mambo yakabadilika Afrika Kusini. Mwaka 1867 almasi ikaonekana kule, na ndani ya miaka michache Kimberley ikawa shimo kubwa lenye maelfu ya wachimbaji. Ghafla mawe yakawa mengi. Na kitu kikiwa kingi sokoni, nyie wauza ndizi mnajua bei inaenda wapi. Mwaka 1888 Cecil Rhodes na wenzake wakaunda kampuni ya De Beers, na kazi yake kubwa kwa miongo mingi ikawa kushika mawe ya dunia mkono mmoja na kuyaachia sokoni kidogo kidogo ili bei isianguke.

Hapo anaingia mtu wa Mwadui. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Canada, alikuja Tanganyika kufanya kazi kwenye mgodi mdogo wa almasi pale Mabuki, kusini mwa Mwanza. Akaacha kazi, akaanza kutafuta mwenyewe. Miaka ikapita, pesa zikaisha, malaria ikampiga. Wakili mmoja Mhindi wa Mwanza, Iqbal Chand Chopra, akamsaidia na kuwa mshirika wake. Mwaka 1940 wakaipata Mwadui. Ule mwamba una eneo la hekta 146 hivi, ni kati ya miamba mikubwa kabisa ya almasi duniani. Upo kwa Wasukuma, watu wale wale ambao babu zao walioa kwa majembe na ng'ombe huku wakichunga juu ya almasi.

Oktoba 1947 likatoka Mwadui jiwe la waridi la karati 54.5. Kwa lugha yetu ya wodini, karati moja ni miligramu 200, yaani haifikii hata nusu ya dawa iliyomo kwenye kidonge kimoja cha paracetamol. Karati 54.5 ni karibu gramu 11. Williamson akalitoa zawadi kwa Princess Elizabeth wa Uingereza, ambaye alifunga ndoa Novemba 20 mwaka huo huo. Likakatwa London, likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakalitengenezea bruchi yenye umbo la ua. Malkia aliivaa miaka na miaka. Jiwe la Shinyanga hilo.

Jambo la pili la mwaka 1947 lilitokea mbali na migodi yote, ofisini, kwenye kampuni ya matangazo ya N.W. Ayer ya Marekani. De Beers walikuwa wameiajiri tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa sababu mauzo ya almasi yalikuwa yamelala. Mwandishi wa matangazo, mwanamke anaitwa Frances Gerety, akaandika maneno machache: almasi ni ya milele. Basi. Maneno hayo ndo yakaenda kuuza mawe dunia nzima. Na Gerety mwenyewe, jamani, hakuwahi kuolewa.

Kwa hiyo mwaka mmoja, ardhi yetu ilitoa jiwe, na Marekani ikatoa sentensi. Jiwe likaondoka. Sentensi ndo ikarudi kwetu.

SEHEMU YA 4: MILA ILIYOTENGENEZWA

Wengine mtasema dada nesi anatia chumvi. Angalieni Japani. Mpaka mwaka 1967 wachumba wa Kijapani waliopewa pete ya almasi hawakufika asilimia 5. Wao walikuwa na mila zao za uchumba. Yakaletwa matangazo, picha za wanawake wamevaa kizungu, na kufikia 1981 walikuwa kama asilimia 60. Miaka 14 tu! Mtoto aliyezaliwa matangazo yakianza alikuwa hajamaliza sekondari, na tayari mila ilishaonekana ya siku zote.

Marekani nako wakaambiwa pete nzuri ni mshahara wa miezi miwili. Nani alipanga miezi miwili? Si mchungaji, si shehe, si mzee wa ukoo. Ni muuzaji. Ni sawa na mwenye duka la dawa akuandikie dozi bila daktari.

Na lile neno "milele" lilikuwa na kazi ya pili. Kitu cha milele hakiuzwi tena. Mawe ya mama na bibi yakirudi sokoni, bei ya mapya inashuka. Ndo maana ukinunua almasi leo ukairudisha dukani mwezi ujao, usishangae ukipewa sehemu ndogo tu ya pesa yako. Dhahabu ni tofauti, ile inapimwa kwenye mizani kwa bei ya siku. Ng'ombe ni tofauti zaidi, akirudi anaweza kuja na ndama.

Mnataka kujua Elizabeth mwenyewe alivishwa nini? Almasi za pete yake ya uchumba zilitolewa kwenye taji dogo la mama mkwe wake, mama yake Philip. Mawe ya zamani ya familia, yakapangwa upya. Binti wa mfalme alivaa ya mama mkwe na hakuna aliyemcheka. Sisi huku, binti akipewa pete iliyofuliwa upya kutokana na hereni za dhahabu za mama mkwe, eti ni aibu?

Na Mwadui je? Williamson alifariki Januari 1958, hakuacha mke wala mtoto. Mwaka huo huo mgodi ukauzwa, nusu kwa De Beers na nusu kwa serikali ya Tanganyika. Mawe yake yanaendelea kuvaliwa mbali. Oktoba 2022 jiwe la waridi la karati 11.15 lililopewa jina la Williamson Pink Star liliuzwa kwenye mnada Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 57. Jina limebaki, na ni jina la mtu wa Canada.

SEHEMU YA 5: SASA TWENDE KWA SONARA

Sijasema msinunue. Pete ni kitu kizuri, na mwanamke kupenda kitu kizuri si dhambi. Ila nenda ukijua.

1. Neno "karati" lina maana mbili, na hapo ndo watu wanaumizwa. Kwenye jiwe ni uzito. Kwenye dhahabu ni usafi: 24 ni safi kabisa, 18 ni asilimia 75 ya dhahabu, 9 haifiki hata nusu. Geuza pete, angalia ndani. Muhuri wa 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, 375 ni karati 9. Ukiona 925 hiyo ni fedha, hata kama imepakwa rangi ya dhahabu.

2. Jiwe linalong'aa kwenye pete za bei ya kawaida mara nyingi ni zirkonia. Ni jiwe la kiwandani, halina ubaya wowote, mradi uuziwe kwa jina lake na kwa bei yake. Usidanganyike na mtu anayekwaruza kioo mbele yako kuthibitisha almasi. Mawe mengi tu yanakwaruza kioo.

3. Almasi ya kweli iulizie cheti cha maabara chenye uzito, rangi, usafi na ukataji wake. Hana cheti? Basi lipa kama jiwe la kawaida, au acha. Siku hizi kuna pia almasi inayokuzwa maabara. Ni almasi kabisa, sawa na ya mgodini, na bei yake ni ndogo zaidi. Muuzaji lazima akwambie ni ipi.

4. Kijana akikufuata stendi na kijiwe kwenye nailoni, "kimetoka Mwadui, shemeji, ni haraka", ondoka. Biashara ya madini ghafi bila leseni ni kosa kisheria, na uwezekano mkubwa ni kipande cha chupa. Utapoteza pesa, au pesa na uhuru.

5. Wadogo zangu wa kike: kaa chini na mwenzako mpige hesabu pamoja kabla ya sherehe. Deni la pete halilipwi na aliyevisha peke yake. Mkishaoana linakaa mezani kwenu wote, linakula unga wa watoto.

6. Wadogo zangu wa kiume: akitaka jiwe, muulize kwa upole ni yeye anayetaka au ni picha za simu. Muulize, halafu umsikilize. Mwingine atakwambia anataka tu kitu cha kuonyesha kwao kwamba umedhamiria. Hilo hata mshenga na pete nyembamba ya fedha vinaweza.

7. La mwisho ni la kazini kwangu. Chagua pete isiyo na jiwe lililochomoza sana, hasa kama unafanya kazi ya kuosha, kulima au kuhudumia wagonjwa. Uchafu unakaa chini ya jiwe, na glovu zinachanika. Na ukiwa mjamzito ivue mapema, usisubiri vidole vijae mpaka tukuvue kwa uzi au tuikate. Lakini pete ikikubana ghafla, mikono na uso vimevimba, kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, usihangaike na sabuni. Panda hata bodaboda uje hospitali saa hiyo hiyo upimwe presha. Hicho kinaweza kuwa kifafa cha mimba kinaanza, na hicho hakingoji kesho.

Mfululizo ujao tutaongelea kahawa: ilikuwaje mbuni uliokuwa mali ya wakubwa ukaja kuwa ada ya shule ya mtoto wa kila nyumba hapa Kagera. Usiku mwema, nipo zamu.