Malori ya Njia ya Jehanamu, na Namna ya Kuyatambua

Wengi wetu tukisoma historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika tunakutana na hotuba, mikutano na bunduki. Ni nadra kukuta hata ukurasa mmoja kuhusu malori. Hata hivyo, kuna kipindi, kati ya mwisho wa mwaka 1965 na mwaka 1968, ambacho nchi nzima ya Zambia iliishi kwa kutegemea malori yaliyotoka Dar es Salaam. Leo nataka tuyazungumzie malori hayo. Nataka pia tuzungumzie namna ya kuyatambua, kwa sababu ukishindwa kulitambua lori kwenye picha ya zamani, nusu ya habari iliyomo kwenye picha hiyo inakupita.

Tuanze na siasa kidogo, halafu tutaingia gereji.

Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wao Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Uingereza ikajibu kwa vikwazo, na mwezi Desemba vikafuata vikwazo vya mafuta. Balaa likawa kwamba Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja na miezi miwili tu tangu ipate uhuru wake, ilikuwa ikipata mafuta yake kupitia hukohuko Rhodesia. Shaba yake nayo, ambayo ndiyo iliyoilisha nchi, ilitoka kwa reli ya hukohuko. Smith aliponyimwa mafuta, naye akaikatia Zambia. Mzee Kaunda akajikuta ana migodi, ana hospitali, ana magari, lakini hana cha kutia ndani ya matangi.

Uingereza, Canada na Marekani zilirusha mafuta kwa ndege. Fikiria hesabu yake: unachoma mafuta ya ndege ili upeleke mapipa ya mafuta. Isingeweza kudumu. Njia iliyobaki ilikuwa barabara ya kutoka bandari ya Dar es Salaam, kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900, halafu dereva aanze safari nyingine ndefu ndani ya Zambia mpaka Lusaka au Ukanda wa Shaba.

Nyie mnaopanda basi leo mkalala usingizi mpaka Mbeya, msidhani barabara ilikuwa hii. Sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Kiangazi ni vumbi ambalo lori la nyuma halioni lililo mbele. Masika ni tope linalomeza tairi mpaka kwenye ekseli. Halafu kuna Kitonga, mlima ule wa kupandia Iringa, ambao hata leo ukiwa na lami dereva akiufikia anaacha mazungumzo na kushika usukani kwa mikono miwili. Wazungu waliokuwa wakiandika habari wakaibatiza njia hiyo jina la Jehanamu, na jina likashika.

Mwanzoni alibeba kila aliyekuwa na lori. Bedford, Leyland, Benz, lililo jipya na linalokohoa. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, ubia wa serikali mbili pamoja na Waitaliano, na ndipo malori ya Fiat na matela yake yalipotawala njia. Kwenda yalibeba mafuta na mizigo ya Zambia. Kurudi yalibeba shaba kuileta bandarini. Lori moja, safari moja, na uchumi wa nchi mbili mgongoni.

Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi. Lami nayo ikasogea mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikakamilika mwaka 1975. Reli ina sherehe zake, ina stempu zake, ina vitabu. Madereva na mautingo waliozuia Zambia isizimike kabla ya bomba na reli kuwepo, majina yao yako wapi? Wapo waliobaki kwenye makorongo ya njia ile. Waliorudi salama leo ni wazee wa miaka themanini na kwenda mbele, na kila mwaka wanapungua.

Kilichobaki ni picha. Na hapa ndipo ujuzi wa kutambua malori unapoingia.

Tuanze na Fiat yenyewe. Familia iliyotapakaa Afrika miaka ile ni ya 682, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1952. Toleo lake la N3 lilipata sifa kubwa barani mwetu kiasi kwamba Waitaliano wenyewe hulitaja kama mfalme wa Afrika. Haina pua; dereva anakaa juu ya injini. Usoni ina mapambo ya bati yaliyotanuka kushoto na kulia kama masharubu ya mzee wa mahakama. Ukiyaona masharubu hayo, huna haja ya kusoma maandishi. Lakini kuna mtego mmoja. Mtu akiona usukani uko kulia anasema gari hili lilitengenezwa kwa ajili ya Afrika Mashariki. Si lazima. Italia wanapita kulia mwa barabara, lakini malori yao makubwa yaliwekewa usukani kulia kwa miaka mingi, ili dereva auone vizuri ukingo wa barabara za milimani. Kwa hiyo usukani peke yake hauthibitishi kitu.

Twende kwa Scania. Ukikuta kwenye shoo ya mbele pameandikwa Scania-Vabis, basi gari hilo ni la kabla ya Vabis kuondolewa kwenye jina mwaka 1968. Ukikuta Scania peke yake, ni la kuanzia hapo. Namba nazo zinazungumza. Katika 81, 111 na 141, tarakimu za mwanzo ni ukubwa wa injini kwa lita: 8, 11 na 14. Tarakimu ya mwisho ni kizazi. Kwa hiyo 110 ni kaka wa 111, na 111 ni kaka wa 112, halafu ndiyo inakuja 113 ambayo kila aliyekulia kando ya barabara kuu anaijua hata kwa mlio. Herufi L peke yake ni lori lenye pua, LB ni lisilo na pua. Na kama unajiuliza kwa nini Scania zimejaa kwenye kumbukumbu zetu, sababu mojawapo ni kwamba ziliwahi kuunganishwa hapahapa, kwenye kiwanda cha TAMCO, Kibaha.

Benz za zamani ndizo rahisi kuliko zote. 911 maana yake ni uzito wa tani 9 pamoja na mzigo, na nguvu za farasi 110. 1113 ni tani 11, farasi 130. Ukishajua ufunguo huo, namba ya ubavuni inakuwa barua ya utambulisho. Wengi hukwama kwenye Tata. Kuanzia mwaka 1954 Tata wa India walikuwa na mkataba na Daimler-Benz, wakawa wanatengeneza malori yenye sura ya Benz. Mkataba ukaisha mwaka 1969, nyota ikatoka, sura ikabaki. Ndiyo maana Tata 1210 ya zamani ukiitazama haraka unaapa ni Benz. Tazama alama ya mbele kabla hujaapa. Ni hivyohivyo kwa Leyland: Wahindi wana Ashok Leyland yao tangu mwaka 1955, na undugu wa sura upo.

Baada ya gari lenyewe, tazama vilivyolizunguka. Namba zenye SU ni za shirika la umma. Namba zinazoanza na TZ ni za kabla ya mfumo huu wa T na tarakimu tatu. Na usiyapuuze mapipa. Pipa la mafuta la lita 200 lina kimo cha karibu sentimita 88, popote duniani. Picha ikiwa na pipa, unayo rula: unaweza kupima bodi, bampa, hata kimo cha utingo aliyeliegemea.

Mimi hiyo rula naitumia kila siku, maana nikitoka kazini huwa naunda malori madogo. Wenzangu ofisini wananicheka, wanasema mtu mzima anachezea magari ya watoto. Wacheke tu. Ulaya watu wazima hununua maboksi ya vipande vya plastiki, mara nyingi kwa kipimo cha 1 kwa 24, wanakaa miezi wakigundisha. Sisi hatukuwa na maboksi. Tulikuwa na makopo, waya, mabua, mipira ya baiskeli iliyochakaa na kandambili.

Hebu nikuonyeshe ajabu moja. Tairi la lori la zamani la saizi ya 10.00-20 lina kimo cha karibu sentimita 105 na upana wa karibu 28. Gawanya kwa 24. Unapata gurudumu la kimo cha sentimita 4.4 na upana wa sentimita 1.2 hivi. Sasa pima unene wa soli ya kandambili. Ni humohumo! Watoto wa Makambako na Mafinga hawakuwa na hesabu ya skeli, lakini macho yao yalikataa gurudumu nene na yakakataa gurudumu jembamba. Lori la mtoto la bati lilikuwa na springi za mpira, taa za vizibo vya soda, na lilikuwa na pua kama mwenyewe alikusudia Scania 111. Ukimwambia ni Fuso mnagombana. Huo ni utambuzi wa magari, na haukufundishwa na mwalimu yeyote.

Kuunda kunafundisha mambo ambayo kusoma hakufundishi. Nilipokuwa naunda Fiat na tela lake nilifika kwenye mkono wa kukokotea. Tela la aina ile lina magurudumu ya mbele yanayogeuka yenyewe, yakiunganishwa na lori kwa mkono huo. Kwenda mbele linafuata kama mbuzi wa kamba. Lirudishe nyuma sasa! Linajikunja, linakwenda kinyume na ulikotaka. Nilihangaika nalo mezani, nikawaza: hawa watu wakikutana wawili kwenye kona ya Kitonga, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine bonde, mapipa ya petroli mgongoni, nani anarudi nyuma? Pale ndipo neno Jehanamu lilipoacha kuwa neno la gazetini kwangu.

Sasa adui mkubwa ni mzani wa chuma chakavu. Chasisi ya lori la mwaka 1966 mbele ya mkataji wa gesi ni kilo tu. Sina ugomvi na anayetafuta ugali wake kwa kukata vyuma, lakini kila lori linalokatwa bila hata kupigwa picha ni ushahidi unaochomwa. Kibao kidogo cha chuma chenye namba ya chasisi kingetuambia mwaka na kiwanda. Kinayeyushwa pamoja na vingine.

Kwa hiyo naomba jambo dogo. Kama kwenu kuna mzee aliyekuwa dereva, utingo au fundi wa njia ile, nenda na daftari. Usimuulize historia ya ukombozi, atakuambia yeye hakuwa mwanasiasa. Muulize aliendesha gari gani, gia zake zilikaaje, walilala wapi, na ni nani hakurudi. Mwombe albamu. Nyuma ya picha andika kwa penseli jina lake, mahali, mwaka, na aina ya lori. Ukikwama kwenye aina ya lori, tazama shoo, tazama pua, tafuta pipa.