Wembe Mwema na Mafundi wa Sheffield

Katika zana zote ambazo mtu huziruhusu kumgusa mwilini, wembe ndio unaodai imani kubwa kuliko zote, kwa kuwa hupita juu ya koo la mtu aliyetulia na kufumba macho, na ubora wake umefichika ndani ya chuma, mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki. Mpini waweza kutazamwa, nakshi zaweza kusifiwa, na mng'ao wa bapa waweza kumvutia hata asiyejua kunyoa. Walakini chuma cha pua kilicho chema na kilicho dhaifu hufanana sokoni, wala tofauti yao haidhihiriki ila baada ya siku kadhaa, makali yanapokuwa yamekwisha kutoroka. Kwa sababu hiyo naiona tarehe ya wembe wa kukunja kuwa ni tarehe ya watu waliotafuta alama ya kuaminika ya jambo wasiloweza kuliona, na mji uliojitaabisha kwa ajili ya alama hiyo, kwa mali na kwa roho za watu wake, ni Sheffield, kaskazini mwa Uingereza.

Mji huo umekaa baina ya vilima, na mito mitano, Don, Sheaf, Loxley, Rivelin na Porter, hukutania hapo. Maji ya mito hiyo ndiyo yaliyozungusha mawe ya kunolea kabla ya zama za mvuke. Mnamo mwaka 1624 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuunda Chama cha Wafua Visu cha Hallamshire, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuandikisha chapa za mafundi, kila fundi na chapa yake, ili kisu au wembe ukimtia mnunuzi hasara ijulikane ni nani wa kuulizwa.

Lakini chapa haiwezi kukipa chuma wema ambao hakina. Pua ya siku zile ilipatikana kwa kuzika fito za chuma safi, aghalabu chuma cha Sweden, ndani ya unga wa makaa ya miti, na kuzipasha moto kwa siku nyingi bila ya kuziyeyusha, mpaka kaboni ikapenya ndani yake. Nayo ilipenya zaidi juu kuliko kiini, hata ufito mmoja ukawa mgumu hapa na laini pale. Kwa kisu cha mezani kasoro hiyo yavumilika. Kwa wembe haivumiliki, kwa maana makali yake ni membamba mno, na penye doa dogo la ulaini hutokea pengo.

Aliyeiondoa ila hiyo hakuwa mfua visu bali mtengeneza saa, Benjamin Huntsman wa Doncaster, aliyezaliwa mwaka 1704, ambaye alikuwa akisumbuliwa na kamani za saa zake zilizokosa uthabiti. Katika miaka ya 1740, kijijini Handsworth karibu na Sheffield, alifaulu kuiyeyusha pua hiyo ndani ya vyungu vya udongo vilivyofunikwa, katika joto lipatalo digrii 1,600 za sentigredi, mpaka ikawa maji na kuchanganyika sawasawa. Kazi ya kukitoa chungu haikuwa ya mtu mwoga: fundi alijifunga magunia yaliyoloweshwa maji, akasimama juu ya tundu la tanuri huku magunia yakitoa mvuke, akakibana chungu chenyewe kwa koleo ndefu na kukivuta juu kwa nguvu za mgongo wake. Ajabu ni kwamba wafua visu wa Sheffield waliikataa pua hiyo mwanzoni kwa kuwa ilikuwa ngumu kufulika, na Huntsman akaiuza Ufaransa. Walipoona bidhaa za Wafaransa, zilizofuliwa kwa pua iliyotoka mlangoni pao wenyewe, zinawashinda sokoni, ndipo walipoikubali.

Wembe uliofuliwa ulipashwa moto hata ukawa mwekundu, ukatoswa ili ugumu uingie, kisha ukapashwa tena polepole mpaka rangi ya majani makavu ikajitokeza juu yake, na hapo ndipo ugumu na uvumilivu vinapokutana. Baada ya hayo uliingia mikononi mwa wanoaji. Mnoaji alikaa juu ya ubao kama ampandavyo farasi, kifua kikiwa karibu na gurudumu la jiwe, na vumbi la jiwe na la chuma likimpanda usoni mchana kutwa. Waliosaga uma walisaga kwa jiwe kavu, wasaga visu vya mezani kwa jiwe lenye maji, na wasaga nyembe kwa namna zote mbili. Daktari Arnold Knight wa mji huo, aliyeandika juu ya pumu ya wanoaji mnamo 1830, alikadiria kuwa wa jiwe kavu kwa wastani hawakufika sana miaka 35, na wa jiwe la maji ni nadra kupita 45. Ni wajibu kuyasema haya kila tunaposifu wembe wa kale, kwa sababu ulaini uliopita mashavuni mwa mabwana wa London ulitoka katika mapafu ya watu hao.

Mipini ilifanywa kwa pembe za ng'ombe, magamba ya ng'amba, na kwa wenye mali, pembe za ndovu. Katika karne ya kumi na tisa Unguja ilikuwa soko kuu la pembe za Afrika ya Mashariki, zilizobebwa mabegani mwa wapagazi kutoka Ujiji na Tabora hata Bagamoyo, na sehemu yake ikaishia katika maghala ya Uingereza, ambamo Sheffield ilikuwa mnunuzi mkubwa. Mpini huo haukuongeza hata chembe ya ukali.

Sifa ilipoenea, waghushi hawakukosekana. Michael Faraday na mfua visu James Stodart, walipojaribu mchanganyiko wa pua na madini mengine karibu na mwaka 1820, waliisifu pua iliyotiwa sehemu moja ya fedha kwa sehemu 500. Haukupita muda nyembe zikajaa maandishi ya pua ya fedha, na maandishi yakaenea kupita fedha yenyewe. Kisha mafundi wa Sheffield wakalalamika kwamba bidhaa za Solingen, mji wa Ujerumani wenye sifa ya kale ya kufua panga, zinauzwa kwa jina lao, na malalamiko hayo yakachangia kuzaliwa kwa sheria ya chapa za biashara ya mwaka 1887. Solingen nao, ambao mafundi wake walikuwa mahiri wa kuchimba bapa pande zote mbili mpaka likawa jembamba na kulia likiguswa kwa ukucha, walikuja kulilinda jina la mji wao kwa sheria ya mwaka 1938.

Mwaka 1903 kampuni ya King Camp Gillette huko Marekani iliuza nyembe zake za kwanza, vishikio 51 na vijembe 168, na tangu hapo mnyoaji hakuwa na haja ya kuchagua chuma, bali ya kununua kingine.

Anayeupata leo wembe wa Sheffield aupime hivi. Aulaze juu ya kioo, aone kama mgongo na makali vyagusa pamoja urefu wote, kwa kuwa mgongo ndio unaoamua mwinamo wa makali juu ya kinoo, na mgongo uliolika upande mmoja hauponyeki kwa urahisi. Atazame makali mbele ya taa: penye mmeto pana ubutu. Upana wa thumuni tano za inchi watosha kwa mkono usiozoea. Kutu ya juu husuguliwa ikatoka, bali iliyokula ukingo imekwisha haribu kazi. Ukiwa salama, juu ya kinoo makali hutangulia, na juu ya mkanda wa ngozi hutangulia mgongo, la sivyo mkanda hukatika.