Makerere Ilipokuwa Chuo Kidogo

Walimu wenzangu, tukitaja historia ya elimu ya juu katika Afrika Mashariki, aghalabu tunahesabu majengo, shahada na majina ya wakuu wa vyuo. Ni nadra kuuliza mwanafunzi aliishije: alilala wapi, alikula pamoja na nani, na alizungumza naye kwa lugha gani. Hata hivyo chuo kidogo hufundisha mahali pawili, darasani na bwenini, na mara nyingine funzo la bwenini ndilo hudumu zaidi. Makala haya yanakusudia kuutazama Makerere, juu ya kilima chake mjini Kampala, katika siku zile ulipokuwa bado chuo kidogo.

Mwaka 1922 chuo kilikuwa na wanafunzi 14 tu, wote wanaume, wakijifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Walikuja asubuhi na kurudi makwao jioni. Haukupita muda mrefu yakaongezwa mafunzo ya udaktari, kilimo, utabibu wa mifugo na ualimu. Mwaka 1937 tume iliyoongozwa na De La Warr ilishauri chuo hicho kikuzwe kiwe cha nchi zote za Afrika Mashariki. Mwaka 1949 kikapata daraja la chuo kikuu kishiriki, wanafunzi wake wakisomea shahada za Chuo Kikuu cha London. Lakini hata miaka ya 1950 ilipokuwa ikielekea mwisho, wanafunzi wote pamoja hawakutimia elfu moja.

Uchache huo ulikuwa na maana yake. Kijana aliyetoka Tanganyika, Kenya au Unguja hakuweza kujificha katika kundi kubwa la watu wa kwao. Aliingia katika bweni la Mitchell, Livingstone au Northcote akawakuta watu wa makabila ambayo pengine aliyajua kwa majina tu. Alivaa joho jekundu la mwanafunzi, akaketi nao meza moja, akabishana nao mpaka usiku. Wahenga walisema penye wengi pana mengi. Makerere yatuonyesha kwamba hata penye wachache pana mengi, kwa kuwa kila mmoja huonekana na kila neno husikika.

Tuchukue mfano wa Julius Nyerere, aliyeingia mwaka 1943 na kutoka mwaka 1945 akiwa na stashahada ya ualimu. Alipokuwa huko, yeye na wenzake kutoka Tanganyika waliunda chama cha kutazama hali ya watu wa nchi yao, ambacho baadaye kiligeuka kuwa tawi la Chama cha Waafrika wa Tanganyika. Shughuli hiyo haikuwamo katika ratiba ya masomo, wala haikutahiniwa. Lakini ni nani leo atakayesema kwamba halikuwa somo?

Mwaka 1945 jambo jingine lilitokea. Wasichana sita waliandikishwa kuwa wanafunzi. Mpaka siku hizo wito wa chuo ulikuwa ukiwahimiza wanafunzi wawe wanaume kwelikweli. Wito huo haukuweza kuendelea. Ukabadilishwa, ukawa wa kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Hivyo wasichana sita, idadi isiyojaza hata benchi mbili za darasa, waliwafanya wakubwa wayapime upya maneno ya chuo kizima. Mmoja wao, Sarah Nyendwoha, aliendelea na masomo Oxford, akapata shahada yake mwaka 1954. Aliolewa na Sam Ntiro wa Tanganyika, mchoraji aliyesoma na kufundisha sanaa hapo hapo Makerere. Ndoa yao, ya mtu wa Bunyoro na mtu wa Kilimanjaro, ni mfano wa namna kilima kimoja kilivyowakutanisha watu wa mbali.

Hata hivyo tusiisifu mno amani ya chuo kidogo. Mwaka 1952, wakati Bernard de Bunsen alipokuwa mkuu wa chuo, wanafunzi waligoma kwa sababu ya chakula. Chuo kilifungwa, na baadhi ya wanafunzi wakafukuzwa. Miongoni mwao alikuwamo Abu Mayanja, ambaye mwaka huo huo alishiriki kukianzisha chama cha Uganda National Congress. Mwanzoni mtu angeweza kuyacheka makelele ya vijana juu ya sahani zao. Lakini katika nchi inayotawaliwa na wageni, swali la nani apange chakula cha mtu mzima halikuwa mbali na swali la nani apange maisha yake. Mayanja alipata nafasi ya kusoma Cambridge, na baadaye alikuwa waziri katika Uganda huru.

Sasa tufikie jambo linalotugusa sisi walimu wa Kiswahili. Mwaka 1952 ndio mwaka ambao Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili, ilihamia Makerere kutoka Nairobi. Ilikaa huko miaka kumi. Kwa hiyo kazi ya kukisanifisha Kiswahili ilikuwa ikifanyika pale pale walipoishi vijana wa nchi zote tatu za bara. Lakini lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza, na jarida la wanafunzi wa fasihi, Penpoint, lililoanza mwaka 1958, lilikuwa la Kiingereza. Si vigumu kufikiri kwamba Kiswahili kilitumika kati ya kitanda na kitanda. Darasani kilibaki mlangoni.

Matokeo yake yalionekana wazi mwezi Juni 1962, ulipofanyika Makerere mkutano mashuhuri wa waandishi wa Afrika watumiao Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo akiwa mwanafunzi aliyekwisha kuchapisha hadithi fupi chache, alikuwamo. Shaaban Robert, mwenye vitabu vingi vya mashairi na nathari, hakuwa na nafasi katika mkutano wa namna hiyo, kwa sababu aliandika kwa Kiswahili. Alifariki dunia mwezi huo huo. Miaka mingi baadaye Ngũgĩ mwenyewe aliliandika jambo hilo kwa uchungu, naye akawa amekwisha kugeukia lugha yake ya Kikuyu.

Lakini haki itendeke: wanafunzi hawakuikubali hali hiyo milele. Mwaka 1965, Makerere ikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kikundi cha wanafunzi kilianza kusafiri na michezo ya kuigiza, kikionyesha bure mijini na vijijini, katika Uganda na Kenya. Michezo ilichezwa kwa Kiingereza na pia kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Walipotoka nje ya lango, walitambua kwamba mtazamaji hana budi kusemeshwa kwa lugha anayoielewa. Naye Nyerere, aliyesoma vitabu vya Kiingereza katika kilima kile, alikuwa amekwisha kuitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963. Lugha iliyoachwa mlangoni ilikuwa imeanza kurudi, na waliyoirudisha ni wanafunzi wenyewe.

Siku hizi Makerere ni chuo kikubwa chenye maelfu ya wanafunzi, na hapa kwetu Uganda mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yamekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Lakini sheria peke yake haifundishi mtu kusema. Historia hii yatukumbusha kwamba lugha huota mizizi pale vijana wanapokula, wanapocheza na wanapobishana. Basi tusiridhike na vipindi vya ratiba. Tuwaanzishie wanafunzi wetu mijadala, michezo ya kuigiza na magazeti ya ukutani kwa Kiswahili. Wasichana sita walitosha kubadili wito wa chuo. Wanafunzi wachache katika bweni moja nao watatosha kuanza.