Mali bila daftari

Aliyepata kutembelea magofu ya Gedi au Kilwa huenda ameonyeshwa vigae vya vyombo vya kijani vilivyoletwa na wafanyabiashara kutoka China karne nyingi zilizopita. Mafundi wa China ndio waliokuwa walimu wa wafinyanzi wa Korea. Leo tuwaangalie wanafunzi hao.

Ufalme wa Goryeo uliitawala Korea tangu 918 hadi 1392. Wafinyanzi wake wa Gangjin na Buan, pwani ya kusini-magharibi, walipaka chombo maji ya udongo yenye chembe za chuma, kisha wakakichoma katika tanuri lililobanwa hewa. Kilitoka kijani, laini, kinang'aa kama kioo. Mwaka 1123 Xu Jing, aliyefika na ujumbe wa mfalme wa China, aliiandika rangi hiyo kwa kuisifia. Mwalimu alikuwa amemkubali mwanafunzi.

Lakini mwanafunzi hakuridhika na kuiga. Katika karne ya 12 alianza kuchimba maua, mawingu na korongo kwenye chombo kabla hakijakauka. Michoro aliijaza udongo mweupe na mwekundu, akakwangua uliozidi. Motoni ule mwekundu uligeuka mweusi, na ndege wakaonekana wakiruka ndani ya kijani. Wakorea huuita ufundi huo sanggam.

Kisha vikaja vita. Wamongolia walivamia mwaka 1231, na mapigano yakaendelea kwa miongo. Katika karne ya 14 maharamia kutoka Japani waliihangaisha pwani yenye matanuri, wafinyanzi wakatawanyika. Kijani kile kikafifia, hatimaye kikatoweka.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Korea ilipoangukia mikononi mwa Japani, makaburi ya kale yalifukuliwa na vyombo vikauzwa. Mwaka 1935 tajiri mmoja Mkorea, Jeon Hyeong-pil, alitoa fedha nyingi kununua chombo kimoja cha korongo kutoka kwa mchuuzi wa Kijapani. Hadi leo ni hazina ya taifa.

Chombo kiliokolewa. Ujuzi haukuwa na duka la kuununua; wafinyanzi wa karne hiyo walilazimika kuutafuta upya, tanuri baada ya tanuri. Na jina la aliyewachora korongo wale halijulikani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Je, fundi mzee wa mtaani kwako, kuna aliyekwisha kumuuliza anachokijua?