Chavua na hali ya hewa: namna ya kujua siku ngumu kwa mtoto mwenye mzio au pumu

Mtoto anapiga chafya mfululizo, pua inatiririka kama maji na macho yanamwasha, lakini hana homa. Anatulia siku chache, kisha hali inarudi. Huenda hayo si mafua ya kuambukizwa bali ni mzio (aleji) wa chavua. Antibiotiki haitibu mzio. Kinachosaidia ni dawa sahihi kutoka kituo cha afya, na wewe mlezi kujua mapema siku ambazo chavua itakuwa nyingi hewani.

Chavua ni nini?

Ule unga wa njano unaodondoka kutoka kwenye mbelewele za mahindi ni chavua. Inayosumbua zaidi ni chavua nyepesi inayobebwa na upepo, kama ya nyasi na ya miti aina ya misaiprasi na mivinje. Mimea hii haina maua ya kuvutia, kwa hiyo watu hawaishuku. Jakaranda yenye maua ya zambarau hulaumiwa mara nyingi, ingawa chavua yake inanata na hubebwa na nyuki.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 mzio wa chavua ni nadra. Akikohoa au akibanwa kifua, mpeleke akapimwe.

Hali ya hewa inakuambia nini?

Wataalamu wa nchi kama Ufini na Uswidi hutabiri chavua ya mti uitwao betula kwa kuangalia joto la wiki zilizopita, upepo na mvua. Chavua hiyo huweza kusafiri mamia ya kilomita. Utabiri wa redioni kwetu hautaji chavua, lakini unataja mvua, upepo na jua. Hayo yanakutosha kujiandaa.

• Mvua ya kutwa nzima: husafisha hewa, na chavua iliyolowa hairuki. Mtoto akizidiwa siku hizo, huenda tatizo ni ukungu wa ukutani, vumbi la godoro au moshi wa jikoni.

• Jua baada ya wiki kadhaa za mvua: nyasi zimekua na sasa zinatoa maua. Tarajia chavua kupanda masika au vuli inapoelekea kwisha.

• Siku kavu yenye upepo: hii ndiyo ngumu zaidi. Chavua nyingi hutoka asubuhi, umande unapokauka.

• Radi na dhoruba: unyevu hupasua chembe za chavua ya nyasi kuwa vipande vidogo sana vinavyofika ndani ya mapafu. Tarehe 21 Novemba 2016, mjini Melbourne, Australia, dhoruba ya namna hii ilipeleka maelfu ya watu hospitali kwa kubanwa pumzi, na watu 10 walifariki. Mtoto mwenye pumu akae ndani, madirisha yafungwe, hadi dhoruba ipite.

Ufanye nini siku ngumu?

Funga madirisha asubuhi. Usianike nguo za mtoto nje karibu na nyasi zinazochanua, na asiwepo mnapofyeka. Akirudi kutoka shule au kucheza, mnawishe uso, mbadilishe nguo, na aoge kabla ya kulala.

Kama ameandikiwa dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu, mpe kila siku hata akiwa mzima. Walezi wengi huiacha mtoto anapopata nafuu, kisha siku ya upepo inamkuta bila kinga. Dawa ya kutuliza iwe karibu naye daima, na mwalimu wake ajue ilipo. Usimpe dawa za mzio za dukani bila ushauri. Baadhi humlevya mtoto usingizi.

Weka kumbukumbu. Kwa miezi miwili andika kwenye kalenda: leo mvua, upepo au jua, mtoto amepiga chafya, amekohoa usiku, au yuko salama. Nenda nayo kliniki. Itamsaidia mhudumu kujua kinachomsumbua mtoto.

Usisubiri, mpeleke mara moja ukiona:

• kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au pua zinatanuka;
• anashindwa kuzungumza, kunywa au kunyonya;
• midomo au ulimi unakuwa wa bluu au kijivu;
• amelegea au ana usingizi usio wa kawaida;
• dawa ya kutuliza haimpi nafuu.

Endelea kumpa dawa ya kutuliza kama ulivyoelekezwa mkiwa njiani, na mweke ameketi wima. Hata kama mluzi wa kifuani umenyamaza ghafla huku bado anahangaika kupumua, msirudi nyumbani. Ukimya huo unaweza kumaanisha kwamba hewa haiingii tena vya kutosha.