Joto, mshindo na nyufa zisizoonekana katika boti za faiba

Katika delta ya Mto Rufiji, wilayani Kibiti, vijiji vingi havifikiki kwa gari. Watu, wagonjwa, samaki na bidhaa hupita majini, katikati ya misitu ya mikoko. Kutoka Nyamisati safari huendelea hadi kisiwa cha Mafia. Boti za faiba hutumika huko pamoja na madau na mitumbwi, lakini hazivunjiki kama mbao.

Faiba ni matabaka ya nyuzi za kioo yaliyogandishwa kwa resini, ambayo mara nyingi ni polyesta. Nyuzi hubeba mzigo, nayo resini huzishikilia. Baina ya tabaka na tabaka kwa kawaida hakuna uzi unaovuka, hivyo ufa hupenya hapo kwa urahisi na matabaka huachana, ilhali uso wa boti ukionekana mzima.

Mwenendo wa ufa huo hutegemea sana joto na kasi ya mzigo. Resini ikipata joto hulainika na kunyumbuka kabla ya kupasuka, hivyo mara nyingi ufa huchelewa kusonga mbele. Hata hivyo, ulaini huo hupunguza ukakamavu wa boti. Polyesta iliyogandia katika joto la kawaida huweza kuanza kulegea ifikapo nyuzi joto 60 hadi 80 za Selsiasi, na uso wa rangi nyeusi ulioachwa juani huweza kukaribia kiwango hicho. Shehena nzito ikikaa hapo kwa saa nyingi, umbo hupinda taratibu.

Mshindo wa ghafla una athari tofauti. Boti inapogonga gogo au kudundwa na wimbi, resini haipati muda wa kunyumbuka, hivyo hupasuka kama kitu kikavu. Kwa resini, kuongeza kasi ya mzigo hufanana na kupunguza joto. Ndiyo maana boti iliyobeba shehena siku nzima bila tatizo huweza kupata ufa kwa pigo moja.

Maji yakipenya katika ufa huo hudhoofisha mshikamano wa nyuzi na resini, na kila wimbi huurefusha. Njia rahisi ya kuubaini ni kugongagonga ubavu wa boti: penye matabaka yaliyoachana sauti huwa butu. Sehemu hiyo husuguliwa hadi kwenye tabaka zima, hukaushwa, kisha hujengwa upya. Kuifunika kwa rangi hakurudishi nguvu yake, bali huificha hatari kwa abiria watakaopanda kesho.